Gari Linachemka Ukiwasha AC: Uliza Kwanza Linachemkia Wapi

Geji ya joto imepanda, umezima AC, geji imeshuka. Hapo wengi hukata kauli kwamba AC ndiyo mbovu, wakaendesha madirisha wazi hadi siku ya kuuza gari. Lakini AC haina uwezo wa kuchemsha injini iliyo nzima. Inaongeza mizigo miwili tu. Kondensa yake imesimama mbele ya rejeta na hutoa joto lote lililonyonywa ndani ya gari, kwa hivyo hewa inayofika kwenye rejeta imekwisha kupata moto. Halafu kompresa, pampu inayosukuma gesi ya AC, inazungushwa na injini hiyo hiyo, na injini ya lita 1.3 huusikia mzigo huo kuliko ya lita 2.5.

Gari zima hubeba mizigo hiyo Kisumu mwezi wa Februari, saa nane mchana, watu watano ndani, na geji haitikisiki. Likishindwa, jua mfumo wa kupoza injini ulikuwa unachechemea tangu zamani na AC imeufichua. Kuzima AC ni kumfunga shahidi mdomo.

Kama unasoma haya kando ya barabara

Zima AC, fungua hita kwenye joto la mwisho, feni ya ndani kasi ya mwisho, madirisha chini. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Itakutesa, lakini inavuta joto kutoka kwenye injini. Geji ikirudi, endelea polepole. Ikigonga nyekundu, ikiwaka taa nyekundu au ukiona mvuke, toka barabarani kabisa na uzime injini. Kati ya Salgaa na Sachangwan usisimame ukingoni mwa lami eti kwa dakika mbili. Malori yanayoshuka pale hayatakusubiri. Weka zile pembetatu za kuakisi mwanga, kisha kaa mbali na gari.

Usifungue kofia ya rejeta kabla ya nusu saa kupita. Maji yaliyo ndani yamezidi 100 na yanazuiwa na shinikizo tu. Ukifungua, yanafoka pamoja na mvuke usoni mwako. Na usimwagie injini iliyochemka maji baridi ya mtungi. Silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, mara nyingi ni alumini, na alumini ikipozwa ghafla huweza kupinda au kupata ufa.

Linachemka limesimama au likikimbia?

Kabla ya kufungua boneti, jibu swali hilo. Ni swali la bure na linakuondolea nusu ya spea ambazo ungenunua bila sababu.

Kama linachemka kwenye msongamano wa Kondele au ukisubiri mtu ukiwa umeegesha, lakini likipata barabara ya wazi linapoa, shida iko upande wa hewa: feni, kondensa iliyozibwa, gesi iliyozidi. Ukisimama hakuna upepo isipokuwa ule wa feni. Ukifika kilomita 60 kwa saa na zaidi, upepo wa barabara unafanya kazi yote, hata feni ikiwa imekufa hutajua.

Kama linatulia mjini lakini linapanda ukiukwea mlima kutoka Awasi kuelekea Kericho, au kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, shida iko upande wa maji: rejeta iliyoziba ndani, pampu, thamostati (vali inayofungua njia ya maji yakipata joto), mkanda unaoteleza, kofia iliyochoka. Hapo upepo upo, ila maji hayalifikishi joto kwenye rejeta kwa kasi inayotakiwa.

Likichemka kotekote, anza na kiwango cha maji. Kikiwa sawa, fikiria rejeta iliyoziba vibaya sana au gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloki ya injini.

Jambo moja kuhusu geji yenyewe. Kwenye magari mengi ya Kijapani sindano imetengenezwa ikae katikati bila kusogea kuanzia nyuzi 80 hivi hadi zaidi ya 100, ili dereva asihangaike. Ikianza kusogea, joto limekwenda mbali. Vitz, Fit na Demio nyingi hazina sindano kabisa. Zina taa ya buluu na taa nyekundu, na nyekundu huwaka umechelewa. Tafuta kisomaji kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye OBD, soketi ya kompyuta ya gari iliyo chini ya usukani, na kusoma joto halisi kwenye simu. Gari zima hukaa kati ya 85 na 98. AC ikiwa imewashwa na gari limesimama, litapanda, feni itawaka, litashuka, na mchezo huo utajirudia. Likipita 105 na bado linapanda, acha jaribio. Likifika 110, zima.

Feni, ambako kesi nyingi huishia

Washa injini ikiwa baridi, kisha washa AC. Kwenye magari mengi madogo feni zinatakiwa kuanza ndani ya sekunde chache bila kungoja injini ipate moto. Kama ziko mbili, angalia zote mbili, maana moja ikifa nyingine huendelea kupiga kelele na dereva akadhani mambo ni sawa. Hii ndiyo sababu kubwa zaidi ya gari kuchemka na AC pekee: feni moja inatosha bila AC, haitoshi na AC.

Kisha chukua karatasi ya daftari uiweke mbele ya kondensa, upande wa grili. Inatakiwa kunyonywa na kushikilia pale bila mkono wako. Ifanye hivyo mbele ya kila feni. Ikianguka, feni haivuti vya kutosha. Ikisukumwa kukujia, feni inazunguka kinyume: mtu alibadilisha mota na kuunganisha waya chanya mahali pa hasi, na feni sasa inapigana na upepo wa barabara. Gari la namna hiyo huchemka kila mahali na huweza kumsumbua fundi wiki nzima, kwa sababu kila mtu anaona feni inazunguka na kuendelea na mengine.

Feni isipozunguka kabisa, fuata mpangilio huu:

1. Fyuzi. Fungua sanduku la fyuzi chini ya boneti, soma mchoro kwenye kifuniko. Fyuzi ya feni huwa kubwa, mara nyingi ampea 30 au 40. Iliyokatika usiweke kubwa zaidi mahali pake; mara nyingi mota iliyokaza ndiyo iliyoikata.

2. Relei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Badilishana na relei nyingine ya aina ile ile ndani ya sanduku, kwa mfano ya honi. Feni ikiwaka, umepata mgonjwa.

3. Umeme kwenye soketi ya mota. AC ikiwa imewashwa, pima kwa mita: unataka volti 12 hadi 14. Umeme upo na feni haizunguki? Mota imekufa. Igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, kaboni zake zimeisha na itakuangusha tena kesho kutwa.

4. Umeme haupo? Chomoa soketi ya sensa ya joto la maji injini ikiwa inanguruma. Kompyuta ya magari mengi, ikikosa habari za sensa, huwasha feni zote kwa tahadhari. Zikiwaka, waya na relei ni nzima. Sensa ndiyo ya kushukiwa kwanza. Zisipowaka, rudi kwenye waya na relei.

5. Waya wa athi, unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya mweusi wa feni inapozunguka. Ukisoma zaidi ya nusu volti, athi imeshika kutu. Isugue hadi chuma king'ae, kaza upya.

Feni inayozunguka polepole ni hatari kuliko iliyokufa, kwa sababu inaonekana nzima. Chomoa betri kwanza (kwenye magari mengine feni huweza kuwaka hata ufunguo ukiwa mfukoni), kisha zungusha mapanga kwa kidole. Yanatakiwa kwenda laini na kusimama taratibu. Yakikwaruza au yakisimama papo hapo, bushi zimekauka. Mafuta ya kupulizia yatakupa siku chache tu; badilisha mota.

Kuna dawa ya mtaani ambayo kila mji unayo: kuunganisha feni moja kwa moja kwenye switchi ya ufunguo izunguke muda wote. Inafanya kazi, na ndiyo maana imeenea. Lakini feni moja huvuta kati ya ampea 8 na 15, na ukipitisha mzigo huo kwenye waya mwembamba bila relei wala fyuzi, unapika plastiki ya waya hadi siku iwake moto. Tena umefunika ugonjwa uleule wa sensa au relei ambao ungetibiwa kwa bei ya spea ndogo. Ukilazimika, tumia relei, fyuzi ya 30 karibu na betri na waya wa milimita za mraba 2.5 au zaidi, na uhesabu kuwa ni ya kukufikisha nyumbani.

Hilux, D-Max na Prado nyingi hazitegemei feni ya umeme. Zina feni inayoendeshwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Zima injini ikiwa moto sana, uzungushe feni kwa mkono: inatakiwa kukaza na kusimama karibu mara moja. Ikizunguka huru raundi mbili au zaidi, klachi imekufa. Michirizi ya mafuta yenye vumbi usoni pa klachi ni ushahidi wa pili.

Mwisho wa feni, angalia plastiki zake. Ile kava inayozingira mapanga na kukumbatia rejeta ikivunjika, feni hunyonya hewa kutoka pembeni badala ya kupitia rejeta. Na ile kava ya chini ya injini, ambayo matuta na barabara za murram huing'oa na wenye gari hawairudishi, ina kazi pia: bila hiyo hewa ya moto iliyokwisha kupita huzunguka chini na kunyonywa tena kwa mbele.

Uchafu usiouona kwa mbele

Ukichungulia kupitia grili utaona kondensa safi na utaridhika. Uchafu wenyewe uko nyuma yake, kwenye upenyo mwembamba kati ya kondensa na rejeta. Vumbi la murram, manyoya, makapi ya miwa kwa wanaopita Chemelil, Muhoroni na Mumias nyuma ya trela, na kwa watu wa Kisumu wale wadudu wa ziwani wanaopaa makundi makundi kama moshi. Wadudu hao wana mafuta. Wakishapondeka kwenye mapezi ya alumini, vumbi la kesho linawakalia kama saruji.

Rejeta nyingi hushikwa juu na mabano mawili yenye bolti za kichwa cha milimita 10. Zifungue injini ikiwa baridi, uilaze rejeta kuelekea injini sentimita tatu au nne bila kung'oa paipu, umulike kwa tochi kutoka juu. Ukiona kitu kama blanketi la kijivu, huo ndio ugonjwa.

Funika mota za feni na soketi kwa mfuko wa plastiki. Tia maji yenye sabuni ya vyombo, acha dakika kumi, kisha suuza kwa mpira wa kawaida wa bustani ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha njia uchafu ulikoingilia. Rudia hadi maji yatoke meupe. Ile mashine ya nguvu ya kuoshea magari iache kabisa: inalaza mapezi, na pezi lililolala linaziba hewa kuliko vumbi. Yaliyokwisha kulala yanyanyue moja moja kwa bisibisi bapa ndogo na subira. Ni kazi ya saa moja au mbili, na mara nyingi inamaliza shida bila kununua chochote.

Gesi iliyotiwa kwa kukisia

Kama ugonjwa ulianza wiki ile AC ilipojazwa gesi, usitafute mbali. Gesi ikizidi, shinikizo la upande wa juu hupanda, kondensa inakuwa moto kupita kiasi na kompresa inakaza injini. Kiasi kamili kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Magari madogo yanayotumia gesi ya R134a mara nyingi ni kati ya gramu 350 na 550. Gramu hupimwa kwa mizani. Fundi anayejaza kwa kugusa paipu na kusema "imepata baridi, tosha" anakisia.

Kwa mita za gesi, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500, hewa inayoingia ikiwa nyuzi 30 hadi 35, upande wa chini unatakiwa kusoma bar 1.5 hadi 2.5 na wa juu karibu bar 14 hadi 16. Upande wa juu ukipita 20, kuna mawili: gesi imezidi au kondensa haipati hewa. Kwenye mita yote mawili yanafanana, ndiyo maana feni na uchafu vinatangulia kabla ya kuhukumu gesi. Ikithibitika imezidi, itolewe yote kwa mashine ya kunyonya, mfumo ufyonzwe hewa na unyevu, na ujazwe upya kwa mizani.

Mkanda

Kwenye injini kama 1NZ ya Probox na Fielder, mkanda mmoja unazungusha altaneta, kompresa na pampu ya maji. AC ikishika, mkanda uliolegea au kung'aa kama kioo huteleza, na pampu hupunguza mwendo wakati ule ule joto linapoongezeka. Sikiliza mlio mkali kompresa inaposhika. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali: usogee milimita 10 hivi. Kuumwagia maji au kuupaka sabuni ni kuahirisha. Na ukishautoa, zungusha kila puli kwa mkono. Beringi ya kompresa inayokwaruza ni mzigo ambao hakuna rejeta itakayoulipia.

Upande wa maji: kofia kwanza, na mwinuko wa kwetu

Kofia ya rejeta ndiyo spea inayodharauliwa kuliko zote, na huku kwetu ina uzito kuliko pwani. Maji huchemka nyuzi 100 usawa wa bahari. Kisumu, mita zaidi ya 1,100 juu, huchemka karibu 96. Nakuru, mita 1,850 hivi, karibu 94. Ukifika Timboroa ni kama 91. Kofia nzima ya 0.9 (kilopaskali 88) inaongeza shinikizo, na hata Timboroa maji matupu hayachemki hadi kama 113. Kofia iliyochoka haiongezi kitu. Sasa fikiria: feni ya magari mengi huwaka joto likifika 93 hadi 98. Mwenye kofia mbovu na maji matupu huko juu, maji yake yanachemka kabla feni haijapata hata amri ya kuwaka.

Injini ikiwa baridi, fungua kofia. Mpira wake uwe laini, bila ufa wala alama nzito ya kinywa cha rejeta. Vuta ile vali ndogo ya katikati kwa kucha: ifunguke na kurudi yenyewe. Ikiwa imekwama, utakuta paipu ya juu imebonyea kama mrija wa soda ulionyonywa gari likipoa, na maji ya chupa ya akiba hayarudi ndani. Unaponunua, nambari ya juu ya kofia (0.9 au 1.1) ifanane na ya kiwandani. Kubwa zaidi haipozi zaidi. Inapasua paipu kuukuu.

Thamostati, na ule ushauri wa kuitupa

"Hii huku Afrika haina kazi, toa." Umeusikia. Usiufuate. Injini nyingi zina thamostati yenye diski ya pili ambayo, ikifunguka kwa joto, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima, na kwenye mlima sehemu kubwa ya maji haionani na rejeta hata kidogo. Kwenye tambarare za Ahero asubuhi, kinyume chake: injini haipati joto lake, kompyuta inazidisha mafuta, na unaanza kulalamikia ulaji wa petroli.

Ipime. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha moto polepole. Yenye muhuri wa 82 ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na ikaribie 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ukiwa Nakuru usingoje 95, maana maji yako yatakuwa yanachemka kwa 94 na hayataongezeka hata ukichochea makaa. Ikiwa imefunguka vizuri hapo, ni nzima. Unapoirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipite, na weka mpira mpya.

Rejeta ndani, pampu

Ukiwa na kipimajoto cha mwanga cha kuelekeza, lipashe gari moto kamili, zima, chomoa feni, kisha pima uso wa rejeta mraba kwa mraba. Joto linatakiwa kupungua taratibu kutoka maji yanakoingilia hadi yanakotokea. Kipande kilichopoa ghafla katikati ya moto ni mirija iliyoziba. Pima pia paipu ya juu na ya chini injini ikifanya kazi: tofauti ya nyuzi 30 inaashiria maji yanapita kwa shida.

Rejeta za shaba za zamani fundi wa rejeta anaweza kuzifungua tangi na kupitisha waya. Hizi za alumini zenye tangi za plastiki hazikubali vizuri. Tindikali inayotumika kuzisafisha inakula alumini yenyewe. Nunua nyingine, na upime unene wa kiini chake dhidi ya ile ya zamani. Ikiwa nyembamba, iache dukani. Kwa gari la otomatiki hakikisha tangi lake lina njia za mafuta ya giaboksi, na siku ukiona mafuta hayo yamekuwa ya pinki kama maziwa ya stroberi, usiendeshe hata mita mia.

Unga wa bizari, yai, dawa za kuziba: chochote kinachoziba tundu la nje hakina macho, kitaziba na mirija ya ndani, ya hita ikiwa ya kwanza.

Pampu huonyesha dalili kwa michirizi iliyokauka chini ya kitundu chake cha kutolea na kwa puli inayocheza. Iliyoendeshwa miaka kwa maji matupu huweza kuwa kavu kwa nje na ndani mapanga yameliwa. Kama rejeta, thamostati na mkanda ni wazima na mlima bado unalishinda gari, ifungue uone.

Gasketi ya hedi

Washa injini ikiwa baridi kabisa. Kama paipu ya juu inakuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja, hilo si shinikizo la joto, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Mapovu yasiyoisha kwenye mdomo wa rejeta na moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni ndugu zake. Kipimo cha uhakika ni kile cha dawa ya buluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta: ikigeuka njano, moshi wa petroli umo. Subaru zenye injini ya EJ25 zinajulikana kwa ugonjwa huu, na huanza hivyo hivyo, kuchemka mlimani tu na AC. Hedi ikishafunguliwa lazima ipimwe unyoofu na isawazishwe; kubadilisha gasketi peke yake ni kulipa mara mbili.

Kujaza na kutoa hewa

Kulanti (dawa ya kupoza injini) na maji nusu kwa nusu. Kwa kulanti tupu utapoza vibaya zaidi, kwa sababu haibebi joto kama maji. Maji yawe yaliyokenekwa, yale ya chupa ya kuongezea betri (hakikisha si asidi). Maji ya visima vingi yana madini mengi, nayo huganda ndani ya mirija. Rangi ya kulanti haisemi aina yake, kwa hivyo usichanganye kwa kufananisha rangi.

Hesabu inayowakosesha wengi: gari ambalo mfumo wake wa maji unabeba lita 5, ukilifungua chini hutoa kama lita 3 tu, kwa sababu zilizobaki ziko ndani ya bloki. Ikiwa umelisafisha kwa maji, hizo mbili ni maji. Kwa hiyo tia kwanza lita 2.5 za kulanti tupu, halafu ndipo ujazie maji.

Elekeza pua ya gari mlimani, hita kwenye joto la mwisho, kofia wazi. Jaza polepole. Washa, ishike kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000, ukiminya paipu ya juu mara kwa mara kwa kitambaa. Mapovu yatatoka, kiwango kitashuka, ongeza. Thamostati ikifunguka paipu ya chini itapata moto. Ngoja feni iwake na kuzima mara mbili, funga kofia. Hita ikipuliza baridi wakati injini ni moto, hewa bado imo. Subaru hubana hewa kuliko nyingine. Rudia bila aibu.

Halafu lijaribu kwa mpangilio ule ule lililokushinda nao. Simama dakika 20 juani, AC kwenye baridi ya mwisho, kisomaji cha OBD mbele yako: likipanda na kushuka chini ya 100, upande wa hewa umepona. Kisha lipeleke mlimani likiwa na AC. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, fungua kofia na uangalie maji. Kama yamepungua hata kikombe, ongeza, angalia tena siku ya pili, na ikiwa yanaendelea kupungua chini ya gari hakuna tone, rudi kwenye ile dawa ya buluu.